Zumari ya Kichina Mitaani Santiago: Wito kwa Wenye Masikio

Kila Julai mji wa Santiago de Cuba haulali. Makundi ya mitaa hutoka na ngoma, na umati hufuata nyuma ukiburura miguu kwa mwendo mmoja, wazee kwa watoto, jasho likiwatiririka. Kundi la namna hiyo huitwa konga. Ngoma zake za mbao, bocú, huning'inizwa begani na kupigwa mtu akitembea. Wengine hugonga vyuma vya breki za magari chakavu. Nyuma yao yanakuja magoma makubwa yanayotikisa kifua. Ukisikiliza bila kuelezwa chochote utasema hii ni Afrika, na hutakosea. Lakini anayeongoza yote hayo, anayetoa wimbo ili umati uitikie, ni mtu mmoja mwenye ala ndogo ya mbao yenye kinywa kipana cha shaba, na sauti yake kali hupenya juu ya ngoma zote. Ala hiyo ni suona, na imetoka China. Wacuba wanaiita corneta china. Msomaji wa Lamu, wa Pemba au wa Tanga akiisikia kwa mbali atauliza: hiyo si zumari?

Ni ndugu yake. Ala hizi mbili zina mwili wa mbao unaopanuka kadiri unavyoshuka, matundu ya vidole, kisahani kidogo cha kuegemezea midomo, na ulimi uliokunjwa maradufu ambao mpigaji huutia kinywani. Mafundi wa China na mafundi wa pwani yetu wana ujuzi uleule wa kuvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, ndiyo maana sauti haikatiki. Ukoo huu wa ala asili yake hutajwa kuwa Asia ya Magharibi. Tawi moja lilikwenda mashariki na misafara hadi China, jingine likashuka hadi kwetu Uswahilini. Kisha lile tawi la China likapanda meli katika dhiki kubwa, likavuka bahari hadi Karibi, na huko likaangukia mikononi mwa wajukuu wa Waafrika.

Ndugu zangu, naandika kuwaomba tuishughulikie zumari yetu mapema, na pia tuwatazame upya wageni wanaoishi katikati yetu. Ombi langu lakini halitaeleweka vizuri bila habari ya Wachina wa Cuba, kwa hiyo niruhusuni niisimulie kwanza, tena bila haraka.

Tarehe 3 Juni 1847 meli iitwayo Oquendo ilifika Havana ikiwa imebeba Wachina wapatao 200 kutoka bandari ya Amoy. Wenye mashamba ya miwa walikuwa wakiona biashara ya watumwa kutoka Afrika inabanwa, wakatafuta mikono mingine. Hadi mwaka 1874 walikuwa wamekwisha kuwaingiza Cuba Wachina wapatao 125,000, wengi wao wakisafirishwa kupitia Macau, na karibu wote walikuwa wanaume. Karatasi waliyotia saini ilisema miaka 8 ya kazi kwa peso 4 kwa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa kukata miwa bega kwa bega na watumwa Waafrika, chini ya mjeledi uleule, na wengi walikufa kabla mkataba haujaisha. Mwaka 1874 serikali ya China ilimtuma afisa wake, Chen Lanbin, kwenda kuchunguza. Ujumbe wake ulikusanya ushahidi wa vibarua zaidi ya 1,000, na matokeo yake yakawa makubaliano ya mwaka 1877 yaliyoikomesha rasmi biashara hiyo. Watumwa Waafrika wa Cuba walisubiri hadi mwaka 1886.

Nimeyakawilia haya kwa makusudi. Mara nyingi habari za watu wa mataifa mawili kupeana sanaa huelezwa kwa maneno ya karamuni: urafiki, udugu, madaraja. Huko Cuba mambo yalianzia kambini, kwenye mabweni yaliyofungwa kwa kufuli usiku. Sisi wa Pwani tunayafahamu mambo hayo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, mwaka mmoja tu kabla ya meli za vibarua kukoma kwenda Cuba, na unyago unaochezwa visiwani hadi leo ulikuja na wanawake waliotolewa bara bila kupenda. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watu walioonewa hawana cha kupeana, nitamwonyesha konga.

Wachina waliomaliza mikataba yao wakiwa hai walihamia mjini. Havana ikapata Mtaa wa Wachina, kandokando ya barabara za Zanja na Dragones: maduka ya mboga, madobi, migahawa, vyama vya ukoo, na baadaye gazeti lao, Kwong Wah Po, lililoanza mwaka 1928. Wengine walifika kutoka California wakiwa na mtaji. Wengi waliingia katika vita vya kuikomboa Cuba kutoka Hispania. Pale Vedado, Havana, upo mnara mweusi wa mawe wa kuwakumbuka, wenye maandishi yasemayo kwamba hakuna Mchina wa Cuba aliyekimbia jeshi wala aliyesaliti.

Na walikuwa na opera. Wachina waliotoka Guangdong hawakuweza kuishi bila opera ya Kikantoni, na suona ilikuwa sauti mojawapo katika bendi za maonyesho yao. Huko ndiko Wacuba wengine walikoisikia. Mwaka 1915 ikafika Santiago, ikaingia katika konga ya Los Colombianos ya mtaa wa Tivolí, na konga nyingine za mji hazikukawia kufuata. Sababu moja inaonekana wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu na ngoma nyingi: hapo sauti ya mtu haitoshi. Suona ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya nje, kwa arusi na mazishi ya vijijini, kwa maandamano. Weusi wa Santiago walitambua kazi yake mara moja. Hawakuipiga kwa namna ya Guangzhou. Waliipa nyimbo za mitaa yao, wakaifanya iulize na umati ujibu, kama ngoma za mababu zao zilivyotaka. Leo konga ya Los Hoyos inapotoka kabla ya kanivali kwenda kutembelea konga za mitaa mingine, zumari hiyo ya Kichina ndiyo inayotangulia kuwaambia watu watoke majumbani.

Hata imani zilikutana. Wachina walikuja na heshima yao kwa Guan Gong, jemadari wa zamani aliyesifika kwa uaminifu. Huko Cuba akawa San Fan Con, na wafuasi wa dini zilizotoka kwa Wayoruba wakamwona jirani wa Changó, mwenye radi na rangi nyekundu. Simtaki mtu aamini asichokiamini. Natazama tu jinsi maskini wa bara moja walivyomtambua maskini wa bara jingine kupitia yale aliyoyathamini.

Katika mazingira hayohayo alizaliwa Wifredo Lam, mwaka 1902, mjini Sagua la Grande. Baba yake, Lam Yam, alikuwa mfanyabiashara kutoka Canton; mama yake, Ana Serafina, alikuwa na asili ya Afrika na Hispania; mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, alikuwa mganga wa kutegemewa. Lam alisomea uchoraji Havana na Madrid, akajuana na Picasso mjini Paris, akarudi nyumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1943 akamaliza La Jungla, picha kubwa yenye miili iliyochanganyika na miwa, nyuso kama vinyago, miguu mipana. Sasa iko katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Vitabu vimeandikwa juu yake, na anastahili.

Mimi lakini moyo wangu uko zaidi kwa wanawake wawili wa Havana ambao majina yao hayatajwi sana: Caridad Amarán na Georgina Wong. Georgina alikuwa binti wa Mchina. Caridad hakuwa na damu ya Kichina hata kidogo. Alilelewa na Fong Pio, Mchina aliyeipenda opera kwa moyo wake wote, na mzee huyo akamfundisha lugha na uimbaji. Miaka ya 1940 wasichana hawa walikuwa jukwaani, nyuso zimepakwa rangi, vilemba vizito vimejaa vito vya kioo, wakiwaimbia Kikantoni wanaume waliozeeka mbali na mama zao. Caridad alizunguka na kikundi miji ya Cuba yenye Wachina. Hebu fikirini, wasomaji wangu: mtoto asiye na ndugu China anasimama mbele ya wazee waliotoka Kaiping na Taishan, kule China, anafungua kinywa, na wazee wanalia.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 biashara zilitaifishwa, Wachina wengi wakaondoka kwenda Marekani na kwingineko, na wasichana wapya hawakuja kurithi. Georgina akaingia katika utumishi wa kidiplomasia. Caridad akafanya kazi nyingine. Sanaa iliyokuwa na vikundi kadhaa, wapiga ala, washonaji wa mavazi na walimu ikabaki katika kumbukumbu ya watu wachache. Wawili hawa walipata kuikanyaga ardhi ya China wakiwa wamezeeka. Mtengenezaji filamu wa Hong Kong, S. Louisa Wei, aliwafuata na kuitengeneza filamu ya Havana Divas, na kwa sababu hiyo tunazo sauti na sura zao. Angechelewa miaka michache tu, pengine tusingekuwa na chochote.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Suona na opera zilishuka katika bandari zilezile, zikaletwa na watu walewale. Moja leo inawaongoza maelfu ya watu barabarani. Nyingine ilibaki kwa ajuza wawili. Ubora haukuwa sababu, kwa maana opera ya Kikantoni ni hazina kubwa. Suona ilipata vijana wa mtaani. Ilipokelewa na watu ambao hawakuwa Wachina, wakaruhusiwa kuigeuza, wakawafundisha wadogo zao hukohuko barabarani bila kuomba kibali kwa mtu. Opera ilitegemea jamii iliyokuwa ikipungua kila mwaka, na ilihitaji lugha ambayo watoto wengi hawakuijua. Caridad anatuonyesha kwamba hata hilo lingewezekana, kama wangekuwapo kina Fong Pio wengi zaidi, wenye subira ya kumfundisha mtoto asiye wa damu yao.

Sasa nirudi kwetu. Zumari, ambayo wengine huiita nzumari, bado ipo. Lamu hupigwa kwenye kirumbizi, vijana wakipimana kwa fimbo wakati wa Maulidi, na mpigaji ndiye anayepandisha na kushusha hamasa yao. Lakini nendeni mkaulize ni vijana wangapi wanaojifunza. Wapigaji wazuri wanahesabika, na wengi wao wamekwisha kuingia uzeeni. Kukata ule ulimi ni elimu kamili: jani gani, likaushwe vipi, likunjwe na kufungwa namna gani. Kwa kawaida elimu hiyo haikuandikwa popote. Mzee akifariki, hatuna pa kuitafuta.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa watu mahususi.

Nyinyi mnaooza watoto mwaka huu: kabla hamjalipia spika na taa, ulizeni mtaani kwenu kama yupo mpiga zumari. Mwalikeni ampokee bwana arusi mlangoni. Mlipeni ujira wa haki, kama mnavyomlipa mpishi na mpiga picha, wala msimpe nauli na sahani ya pilau mkaona inatosha. Kijana hawezi kurithi kazi ambayo anaona inamwacha babu yake na njaa.

Walimu wa shule, na ndugu zetu wa vyuo vya sanaa kule Bagamoyo na Zanzibar: mchukueni mzee huyo aje kufundisha, na aitwe mwalimu hata kama hana cheti. Wazazi, waruhusuni na mabinti. Santiago na Havana zote mbili zinatufundisha kwamba mrithi anaweza kutoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Anaweza kuwa mtoto wa Kichaga aliyehamia Tanga, au wa Kisomali wa Mombasa. Asikataliwe.

Kuna kundi jingine ambalo nalitazama kwa matumaini makubwa. Wapo kati yetu madaktari waliosomea Cuba, wanaozungumza Kihispania kama waliozaliwa nacho. Wapo maelfu waliosoma China, kutoka Beijing hadi Guangzhou. Zanzibar imehudumiwa na madaktari wa Kichina tangu mwaka 1964, na Wacuba nao wamefanya kazi visiwani. Tunao basi watu wa pande zote mbili, na Kiswahili kimekaa katikati yao. Mbona hatusomi kwa Kiswahili habari za mitaa ya Havana, au mashairi ya Kichina ya enzi ya Tang? Mkumbukeni Guillermo Dañino wa Peru. Alikuwa mwalimu, akaenda kufundisha Nanjing mwaka 1979 akiwa tayari ana umri wa miaka 50, akaishi China zaidi ya miaka 20, akawatafsiria wasomaji wa Kihispania mashairi ya Li Bai na wenzake, na hata kuigiza katika filamu za Kichina. Nanyi madaktari wangu, wanafunzi wangu wa zamani, kaeni jioni muandike kurasa chache za mlichokiona na kukisikia kule: nyimbo za jirani, chakula cha mama mwenye nyumba, kanivali mliyoichezea. Magazeti yetu yapeni kazi ya kuchapa.

Na hao Wachina wanaouza bidhaa jirani na maduka yenu pale Kariakoo, wanaojenga barabara inayopita kijijini kwenu, ni lini mara ya mwisho mliwaalika kwenye ngoma? Najua lugha ni ngumu na kazi zao hazina likizo. Najua pia kwamba wapo wanaotendeana vibaya, upande wao na upande wetu, na haki ya mfanyakazi lazima idaiwe; historia ya miwa ya Cuba haituruhusu kunyamaza juu ya hilo. Lakini baina ya watu wanaogombana kuhusu mshahara huweza bado kupita wimbo. Wengi wa vijana wale wametoka vijiji ambako suona hupigwa arusini hadi leo. Wapigieni zumari mwone nyuso zao.

Taasisi za Confucius zilizopo vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam, ambazo zimewafundisha lugha vijana wetu wengi, naziomba ziongeze jambo moja: zituletee mpiga suona wa kijijini, akae nasi mwezi mzima. Balozi za Cuba nazo naziomba zituletee mtu wa konga kutoka Santiago. Kisha waandaaji wa tamasha la Sauti za Busara, na wazee wanaosimamia Maulidi ya Lamu, wawakutanishe hao wawili na mpiga zumari wetu. Wasipangiwe hotuba. Wapewe uwanja, ngoma, na usiku mmoja. Kwa ninavyojua, watu hawa watatu wa ukoo mmoja hawajawahi kukaa kwenye mkeka mmoja hapa Pwani, na ningependa kuishi nione hilo.

Lakini jambo la kuanzia halihitaji kusubiri tamasha; kila mwenye simu analiweza wiki hii. Tafuta mpiga zumari aliye karibu nawe. Mwamkie, mpe kahawa, mwombe ruhusa. Rekodi nyimbo anazozijua moja moja, na kwa kila wimbo muulize: unapigwa wakati gani, alijifunza kwa nani, alikuwa na umri gani? Mwombe akate ulimi wa zumari mbele yako, na upige picha kila hatua, mikono yake ikionekana vizuri. Andika jina lake, jina la mwalimu wake na la mtaa wake kama yeye mwenyewe atakavyotaka yaandikwe. Nakala ya kwanza wape watoto wake. Ya pili ipelekwe maktaba au jumba la makumbusho la wilaya. Ya tatu ibaki kwako. Na kama ana mjukuu anayezungukazunguka pale uani akisikiliza, mwombe mzee ampe ashike.